Kabla hujamnyima mtoto maziwa: namna ya kumlisha mtoto mchanga kwenye familia yenye usonji

Mwanangu wa kwanza alitambuliwa kuwa na usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia, akiwa na miaka 3 na miezi 2. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba ya mdogo wake, na wiki ile ile ushauri ukaanza kumiminika. Huyu anayekuja usimwonjeshe ngano. Maziwa ya ng'ombe yasiingie ndani. Wewe mwenyewe acha chai ya maziwa na chapati, utampitishia kwenye ziwa. Wengi walisema kwa upendo kabisa. Mmoja alikuwa anauza makopo ya maziwa maalum.

Kwa mkubwa nilikuwa nimeshakosea. Nilimwondolea maziwa kwa neno la mtu aliyejiita mtaalamu wa lishe, bila kipimo chochote na bila kupanga siku ya kumrudishia. Miezi minane ilipita, hatukuona kilichobadilika, tukamrudishia. Akakataa. Hadi leo hanywi maziwa, hagusi mtindi, na vyakula anavyokubali vimebaki saba, nikihesabu na chumvi ya wali wake. Kumwondolea mtoto wa aina yake chakula ni kazi ya siku moja. Kumrudishia kunaweza kushindikana kabisa.

Mwongozo huu nauandika kwa mzazi aliyeko pale nilipokuwa: mkubwa ana usonji, au mjomba, au binamu, na mtoto mchanga yuko njiani au yuko mapajani. Mimi ni mama, si daktari. Panapohitaji daktari nimesema hivyo.

Hatua ya 1: Ipime hofu yako kwa namba

Usonji hutembea kwenye familia, hilo ni kweli. Mwaka 2024 watafiti waliofuatilia watoto 1,605 wenye kaka au dada mwenye usonji walitoa matokeo yao: mtoto 1 kati ya 5, yaani asilimia 20.2, naye alitambuliwa kuwa na usonji. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 25, kwa wasichana 13. Nyumba ambazo tayari zilikuwa na watoto wawili au zaidi wenye usonji zilifika karibu asilimia 37. Kama mwenye usonji ni binamu tu, uwezekano unashuka sana. Ukitaka kulinganisha, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Namba hiyo isome pande zote mbili. Mimi nilisoma upande mmoja nikalia usiku kucha. Upande wa pili unasema hivi: kati ya wadogo watano, wanne hawana usonji. Ukiwanyima wote watano maziwa, mayai na ngano, wanne umewanyima bure, na kwa yule wa tano hakuna aliyeonyesha kwamba umemsaidia. Sehemu kubwa ya usonji inatokana na urithi, na ubongo huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni, muda mrefu kabla ya kijiko cha kwanza cha uji.

Hatua ya 2: Jua wazo la "bila ngano, bila maziwa" lilianzia wapi

Ukijua lilikotoka hutatishika likiletwa kwako kama amri. Ngano, shayiri na rai vina protini iitwayo gluteni. Maziwa yana protini iitwayo kaseini. Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp alitoa wazo kwamba tabia za usonji zinafanana na za mnyama aliyepewa dawa za jamii ya afyuni. Baadaye Kalle Reichelt wa Norwei na Paul Shattock wa Uingereza walilijenga zaidi: gluteni na kaseini zisiposagwa vizuri tumboni huacha vipande vinavyofanana na afyuni, vipande hivyo hupenya utumbo, huingia kwenye damu na hatimaye kwenye ubongo.

Ni maelezo yanayoeleweka haraka, na mzazi aliyechoka anahitaji kitu cha kueleweka. Lakini yalipopimwa hayakusimama. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walichunguza mkojo wa wavulana wenye usonji wakitafuta vipande hivyo, hawakuvipata. Mwaka 2006 huko Florida watoto 15 walilishwa kwa wiki 12, kwa zamu, mlo usio na gluteni wala kaseini na mlo wa kawaida, bila wazazi kuambiwa ni zamu ya upi. Vipimo havikuonyesha tofauti ya maana, ingawa baadhi ya wazazi waliona kama mtoto amebadilika. Mwaka 2016, Rochester nchini Marekani, watoto 14 waliokuwa tayari kwenye mlo huo walipewa vitafunwa vilivyofichwa ndani yake ngano au maziwa. Usingizi, choo na tabia zao havikubadilika. Ni majaribio madogo, nakubali. Kwa upande mwingine, lile la Norwei la mwaka 2002 lilihusu watoto 20 na lilionyesha nafuu kwa nusu yao waliopewa mlo huo, lakini humo wazazi walijua mtoto wao anakula nini.

Hapo ndipo penye fundo. Mtoto wa miaka 3 hukua kila mwezi, awe amekunywa maziwa au hakunywa. Ukimwondolea chakula leo na baada ya wiki sita akasema neno jipya, moyo utaunganisha. Wazazi wanaosimulia hivyo si waongo, na mimi mwenyewe wiki ya tatu niliapa kwamba nimeona kitu. Mwaka 2013 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilieleza wazi kwamba mlo wa kuondoa gluteni au kaseini usitumiwe kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto.

Majaribio yote hayo yalihusu watoto ambao tayari walikuwa wametambuliwa. Kumnyima mtoto wa miezi sita ili usonji usije ni jambo jingine, na halina hata ushahidi huo mdogo.

Hatua ya 3: Kama bado una mimba, au unapanga

Kidonge cha foliki asidi kianze kabla ya mimba ikiwezekana, mikrogramu 400 kwa siku. Kazi yake iliyothibitika ni kupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kuhusu usonji, Norwei mwaka 2013 ilichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 85,000. Kwa akina mama waliotumia foliki asidi karibu na kutunga mimba, usonji wa aina nzito ulionekana kwa asilimia 0.10 ya watoto; kwa wasiotumia, asilimia 0.21. Utafiti wa kufuatilia watu namna hii hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichofanya kazi, lakini kidonge chenyewe kina faida nyingine za uhakika, na kliniki za wajawazito hukitoa kikiwa pamoja na madini chuma.

Mama mwenye kifafa anayetumia valproeti amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo ikitumika wakati wa ujauzito inaongeza uwezekano wa usonji na kasoro nyingine kwa mtoto. Asiiache mwenyewe ghafla, degedege la mama mjamzito linaweza kuua wote wawili.

Kuhusu chai ya maziwa na chapati: kula, mama.

Hatua ya 4: Miezi 6 ya kwanza, ziwa tu

Maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji mwepesi, bila maji ya gripu, bila kulambishwa asali. Asali iachwe mpaka mtoto afikishe mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza mtoto mchanga.

Hili nalo liwekwe wazi kwa anayekwambia kaseini ni sumu kwa ubongo: maziwa ya mama yana kaseini. Si nyingi kama ya ng'ombe, lakini imo, na Mungu ameiweka humo. Nilipomwambia hivyo yule wa makopo alibadilisha mada.

Mama anayenyonyesha hana sababu ya kujinyima maziwa, mayai, samaki au karanga eti kwa kuwa mkubwa ana usonji. Ukijinyima utadhoofika wewe, na mtoto hapati kitu. Sababu ya kweli ya mama kuacha maziwa ya ng'ombe hutokea mara chache: mtoto anatoa choo chenye damu au makamasi, anatapika mno, pumu ya ngozi imemshika vibaya, haongezeki uzito. Hapo unaenda kwa daktari, unapewa jaribio la wiki chache, halafu maziwa yanarudishwa ili kuona kama ndiyo yaliyokuwa tatizo. Kurudisha ni sehemu ya kipimo.

Kama hunyonyeshi kwa sababu yoyote, maziwa ya kopo ya kawaida yanatosha. Makopo ya bei mbaya yaliyoandikwa kwamba hayana hiki wala kile ni ya watoto wenye ugonjwa uliothibitishwa.

Hatua ya 5: Kuanzia miezi 6, mlishe kwa upana

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mzazi mwenye hofu anapofanya madhara makubwa bila kujua.

Akifika miezi 6, akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imekwisha. Kwa viwango vya Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 za madini chuma kwa siku. Baba yake anahitaji 8. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, kwa hiyo uji mweupe wa sembe hauwezi kumfikisha. Upungufu wa damu katika umri huu unaweza kuchelewesha akili na usemi. Fikiria hilo kwa familia yenye usonji: unamnyima vyakula ukiogopa usemi uchelewe, na njaa ya madini ndiyo inayouchelewesha.

Anza na vijiko viwili vitatu, mara 2 kwa siku, ziwa likiendelea. Ongeza taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 mpe mara 3 na asusa katikati. Akivuka mwaka 1, robo tatu mpaka kikombe kizima. Ziwa liendelee hadi miaka 2 na zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu makundi 8 ya chakula, ziwa la mama likiwa kundi mojawapo, na linataka mtoto apate angalau 5 kila siku. Kwa jikoni kwetu Dar es Salaam hiyo inaonekana hivi:

Asubuhi uji wa ulezi mzito, usiochuruzika kwenye kijiko, umekorogwa na maziwa au karanga zilizosagwa laini. Mchana viazi vitamu vya rangi ya chungwa au ndizi iliyopondwa, na yai, au dagaa waliotolewa mchanga wakakaangwa wakatwangwa kuwa unga. Jioni ugali laini au wali uliovurugwa, maharage yaliyopondwa, mchicha uliokatwa mdogo wenye tone la mafuta. Katikati papai, parachichi, embe la msimu. Maini mara moja kwa wiki, kipande kidogo, yanafanya kazi kubwa. Nyama, samaki au yai vipatikane kila siku ukiweza. Usipoweza, dagaa ndio mkombozi wa mwenye kipato kidogo.

Vyakula vinavyoogopwa usiviahirishe. Yai, karanga, samaki, ngano, maziwa: viingize kimoja kimoja, asubuhi ili uwe macho, ukikaa siku mbili tatu kabla ya kingine. Karanga zisiwe nzima kamwe, atapaliwa. Zisagwe na zichanganywe kwenye uji. Zamani walisema subiri mpaka miaka 2 au 3. Mwaka 2015 utafiti wa London uliohusu watoto 640 wenye hatari kubwa ya mzio ulionyesha kinyume: waliolishwa karanga tangu utotoni, kuanzia kati ya miezi 4 na 11, mzio wa karanga ulipungua kwao kwa takriban asilimia 80 walipofika miaka 5. Kwa hiyo anayemficha mtoto chakula ili kumkinga anaweza kuwa ndiye anayemtengenezea mzio. Kama mtoto tayari ana pumu kali ya ngozi au amewahi kuvimba kwa yai, daktari aone kwanza kabla ya karanga.

Maziwa ya ng'ombe yaingie kwenye uji na chakula kuanzia miezi 6, yakiwa yamechemshwa, na baada ya mwaka 1 anaweza kuyanywa kwa kikombe. Mtindi usio na sukari ni mzuri. Ngano kwetu haina makuu: kipande cha chapati laini, mkate uliolowekwa, tambi. Tuna bahati moja Afrika Mashariki ambayo wazazi wa Ulaya hawana, maana mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, mihogo, viazi na ndizi vyote havina gluteni. Mtoto wetu anakula ngano kidogo tu hata bila mpango. Lakini mwonjeshe, aijue.

Sababu ya "aijue" ni hii. Watoto wenye usonji wengi hubagua chakula kwa rangi, kwa harufu, kwa namna wanavyokihisi mdomoni. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta matatizo ya mezani ni mara 5 zaidi kwao kuliko kwa watoto wengine, na kwamba hupata kalisi (madini ya mifupa) na protini pungufu. Ubaguzi huo mara nyingi huja kati ya mwaka 1 na 3. Kama mdogo naye atakuja kuwa na usonji, kila chakula alichokizoea kabla ya hapo ni akiba. Akiwa na vyakula 30 na akapoteza 15, bado unaweza kumlisha. Aliyeanza na 10?

Kwa hiyo badilisha makusudi. Uji leo wa ulezi, kesho wa mtama. Bakuli leo la bluu, kesho jekundu. Kijiko cha bati, kijiko cha plastiki, mkono wako, mkono wake. Uji wa lishe wa aina moja uliosagwa laini kwa miezi yote ni mtego: watoto ambao hawakupewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi 10 wameonekana kuwa na shida zaidi ya kula baadaye. Kufikia miezi 8 au 9 aache kila kitu kilichopita kwenye blenda. Ponda kwa uma. Akikataa kitu, usimlazimishe na usikifute kwenye orodha. Kirudishe baada ya siku kadhaa, kidogo tu, mara 8, mara 10, hata 15.

Neno moja kuhusu unga wa lishe. Ule wenye nafaka tano, karanga na soya, uliokaa dukani hujui tangu lini, unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, hasa kwenye mahindi na karanga. Kenya mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125. Kwetu mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chagua nafaka mwenyewe, tupa punje zilizokunjamana au zenye ukungu, kausha vizuri, saga kidogo kidogo. Karanga saga pembeni, usizihifadhi ndani ya unga.

Hatua ya 6: Ikiwa kuna sababu ya kweli ya kuondoa chakula

Zipo. Mtoto mwenye usonji au mdogo wake anaweza kuwa na mzio wa maziwa, au ugonjwa wa siliaki ambao gluteni huharibu utumbo, sawa na mtoto mwingine yeyote. Tumbo kujaa, kuharisha kusikoisha, uzito kusimama, damu kwenye choo, upele wa ghafla baada ya kula: hayo ni ya daktari. Midomo ikivimba au akikoroma kwa shida ya pumzi, ni hospitali sasa hivi.

Fuata mpangilio huu. Kipimo kwanza, kuondoa baadaye; kipimo cha damu cha siliaki hakisomeki sawasawa kama mtoto ameshaacha ngano, na ukishamwondolea utalazimika kumrudishia wiki kadhaa ili apimwe. Ondoa kitu kimoja, si vitatu, la sivyo hutajua kipi kilikuwa kipi. Andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudisha kwenye daftari siku hiyo hiyo, kwa maziwa kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Andika kila jioni mistari miwili: amekula nini, choo, usingizi, ngozi. Mwombe mtu asiyejua mpango wako, mwalimu wa chekechea au shangazi yake, akwambie kama ameona mabadiliko. Na mpime uzito kila mwezi.

Kabla hujatoa maziwa, sema utaweka nini mahali pake. Mwaka 2008 utafiti wa Marekani uliwapima wavulana 75 wenye usonji wa miaka 4 hadi 8: mifupa yao ilikuwa myembamba kuliko ilivyotarajiwa, na waliokuwa kwenye mlo bila kaseini walikuwa na hali mbaya zaidi. Maji ya mchele yaliyouzwa kama "maziwa ya mchele" asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, yana aseniki, ambayo ni sumu, na Uingereza wanashauri watoto hao wasipewe. Ya lozi na ya nazi hayana protini ya kutosha kuwa kinywaji chake kikuu. Tui la nazi ni kiungo, si maziwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalisi, mchicha haufikii, kwa sababu kalisi yake nyingi imefungwa mwili usiweze kuichukua. Ikibidi maziwa maalum ya kopo, daktari ndiye aseme aina gani.

Hatua ya 7: Wauzaji

Watakufikia kwa simu. Maziwa ya ngamia yanasifiwa sana, kutoka Ghuba hadi kaskazini mwa Kenya. Ni chakula kizuri kwa aliyezoea, na yakiwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, kwa hiyo yachemshwe, na usiyalipie kama dawa. Dawa za "kutoa madini mazito mwilini" zimeua: mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki Pennsylvania akipewa tiba hiyo. Kuna na matone ya klorini yanayouzwa kwa majina mengi. Hiyo ni dawa ya kupaushia nguo. Mtu akikuletea, ondoka na mtoto wako.

Nilipiga hesabu ya nilichotumia kwa mkubwa kwa miezi ile minane, makopo na unga wa kuagiza. Kingelipa vipindi vya tiba ya usemi kwa karibu mwaka mzima. Hilo bado linaniuma.

Hatua ya 8: Macho yako yaweke hapa

Wakati ndugu wanabishana kuhusu maziwa, mtoto anatoa dalili nyingine. Miezi 6, je, anakutabasamia ukimtabasamia? Miezi 9, mnabadilishana sauti na sura? Miezi 12, anageuka akiitwa jina, ananyoosha kidole, anapunga kwaheri? Miezi 16, ana neno lolote? Miaka 2, anaunganisha maneno mawili, "mama maji", bila kuiga? Na wakati wowote, akipoteza alichokuwa nacho, neno au tabasamu, usisubiri miadi. Nenda wiki hiyo.

Kwa familia yetu "wavulana huchelewa kusema" si jibu. Omba mtoto achunguzwe rasmi akiwa na miezi 18 na tena miezi 24, hata kama unaona yuko sawa. Dodoso linaloitwa M-CHAT, la maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lipo hata kwa Kiswahili. Tanzania, hospitali ya Muhimbili inahudumia watoto wenye usonji. Kenya kuna Autism Society of Kenya tangu 2003, na kupitia hao utaelekezwa karibu na kwako.

Na kipo cha kufanya kabla hata hajatambuliwa. Australia, Perth na Melbourne, watoto 103 wa miezi 9 hadi 14 waliokuwa wanaonyesha dalili za mapema waligawanywa makundi mawili. Kwa kundi moja, mtaalamu aliwarekodi wazazi wakicheza na mtoto, kisha akaangalia video pamoja nao, akiwaonyesha ishara ndogo za mtoto na namna ya kuzijibu. Vipindi 10 kwa miezi 5. Matokeo yalitoka 2021: walipofika miaka 3, waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa asilimia 6.7 kwenye kundi hilo, na 20.5 kwenye kundi lililopata huduma ya kawaida. Ni utafiti mmoja, na watoto hao bado walikuwa na mahitaji yao. Lakini hakuna mlo wowote wa mtoto mchanga ulioonyesha kitu kinachokaribia hapo, na vyombo vyake ni sakafu, mtoto na simu ya kurekodia.

Nyumbani nilifanya hivi: dakika 10 baada ya kila mlo, simu na runinga zimezimwa, nimekaa usawa wa macho yake. Akitazama kijiko, nasema "kijiko". Akitoa sauti, nairudia, nasubiri. Kusubiri ndiko kugumu.

Hatua ya 9: Kuongea na wakubwa

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyemlea mkubwa nikiwa kazini. Sikumpa takwimu. Nilimwambia, "Mama, huyu tumemwachia kila kitu kwa sababu kaka yake tulimpunguzia. Nisaidie kumzoesha." Akaniuliza, "Na maziwa je?" Nikasema hata maziwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi samaki wake nitamchambua mimi, nyie mna haraka ya miiba." Tangu siku hiyo habari ya kumwachisha maziwa haikurudi kwenye nyumba yetu.

Mpe kila mkubwa kazi yake. Mtu aliyekabidhiwa kumwonjesha mtoto bamia hana nafasi ya kutunga marufuku.

Mdogo ana miezi 17 sasa. Daftari lake lina vyakula 41, cha mwisho ni kisamvu cha jana alichokitema mara mbili na kukimeza ya tatu. Mwezi ujao tuna miadi ya uchunguzi wa miezi 18. Kwenye begi nimeshaweka kadi yake ya kliniki, daftari, na video tatu fupi kwenye simu: moja akiitwa jina, moja akila, moja akicheza na kaka yake.